Tenzing Norgay

Tenzing Norgay (Mei 1914 – 9 Mei 1986) alikuwa mpanda milima na kiongozi wa misafara ya milimani wa kabila la Washerpa, aliyeishi na kufanya kazi Nepal na Uhindi. Anajulikana hasa kwa sababu tarehe 29 Mei 1953, pamoja na Edmund Hillary wa New Zealand, alifika kwenye kilele cha Mlima Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Hao ndio watu wa kwanza wanaojulikana kwa hakika kufika huko na kurudi salama.

Kabla ya siku hiyo Tenzing alikuwa amefanya kazi milimani kwa miaka 18. Alianza kama mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni, akawa msimamizi wa wapagazi, kisha akahesabiwa kuwa mpanda milima kamili. Baada ya mwaka 1953 alifundisha upandaji milima mjini Darjeeling kwa zaidi ya miaka 20. Maisha yake yanaonyesha jinsi kazi ya Washerpa, iliyokuwa ikionekana kama kazi ya kubeba tu, ilivyopata heshima ya ufundi.

Jina na asili

Jina lake la kwanza lilikuwa Namgyal Wangdi. Alipokuwa bado mtoto, jina hilo lilibadilishwa kwa ushauri wa lama mkuu wa monasteri ya Rongbuk, iliyoko upande wa Tibet chini ya Mlima Everest. Jina jipya linaweza kutafsiriwa kama mfuasi wa dini mwenye bahati na utajiri.

Neno "Sherpa" linalotajwa mara nyingi pamoja na jina lake si cheo wala jina la kazi. Ni jina la watu wenye asili ya Tibet waliohamia mabonde ya juu ya Nepal mashariki karne kadhaa zilizopita, na maana yake ni watu wa mashariki. Wengi wao ni wafuasi wa Ubuddha. Kwa kuwa wageni waliofika kupanda Himalaya waliwaajiri Washerpa wengi, nje ya Nepal jina la kabila lilianza kutumika kama jina la kazi.

Tarehe kamili ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Kutokana na hali ya hewa na mazao ya msimu huo, familia ilijua kwamba alizaliwa mwishoni mwa mwezi Mei. Baada ya kufika Everest alichagua tarehe 29 Mei iwe siku yake ya kuzaliwa. Kuhusu mahali kuna maelezo mawili: moja linataja Khumbu nchini Nepal, na lingine linataja bonde la Kharta nchini Tibet, upande wa mashariki wa Everest. Ni hakika kwamba sehemu kubwa ya utoto wake ilipita katika kijiji cha Thame, Khumbu.

Baba yake aliitwa Ghang La Mingma na mama yake Dokmo Kinzom. Baba alikuwa mchungaji wa yaki, yaani ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Tenzing alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 13, na wengi wa ndugu zake walikufa wakiwa wadogo. Hakwenda shule, na hakujifunza kusoma wala kuandika, ingawa baadaye aliweza kuzungumza lugha kadhaa.

Kuhamia Darjeeling

Tangu utotoni Tenzing alichunga mifugo katika malisho ya juu, ambako Everest huonekana. Washerpa na Watibet huuita mlima huo Chomolungma. Kijijini alisikia habari za wanaume waliokwenda na Waingereza katika misafara ya miaka ya 1920, wakarudi na viatu vizito na nguo ambazo watu wa Khumbu hawakuwahi kuziona.

Akiwa kijana alitoroka nyumbani kwenda Kathmandu, kisha akarudi. Mwishoni mwa mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, aliondoka tena na kuvuka mpaka kuingia Darjeeling, mji wa milimani kaskazini mashariki mwa Uhindi ulio maarufu kwa mashamba ya chai. Wakati ule Nepal ilikuwa imefungwa kwa wageni. Misafara yote ya kwenda Everest iliandaliwa Darjeeling, ikapita Sikkim na Tibet, na kuukabili mlima kutoka kaskazini. Kwa hiyo Msherpa aliyetaka kazi ya milimani alilazimika kwenda kuishi Darjeeling. Tenzing alikaa katika mtaa wa Toong Soong, walikoishi Washerpa wengi.

Mwaka 1933 msafara wa Waingereza uliajiri watu mjini humo, lakini Tenzing hakuchukuliwa. Waliokuwa na vyeti vya misafara iliyotangulia walipewa nafasi kwanza, naye hakuwa na cheti chochote.

Misafara ya kwanza ya Everest

Nafasi yake ilipatikana mwaka 1935. Eric Shipton, kiongozi wa msafara mdogo wa upelelezi kwenda Everest, alikuwa amekamilisha idadi ya watu aliowahitaji, kisha akaamua kuongeza wawili. Tenzing alikuwa mmoja wa hao wawili. Inasimuliwa kwamba tabasamu lake ndilo lililomvutia Shipton. Katika safari hiyo alifika North Col, tandiko la mlima lenye kimo cha takriban mita 7,000. Kimo hicho kinazidi kile cha Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,000.

Alirudi Everest mwaka 1936 katika msafara ulioongozwa na Hugh Ruttledge, ambao ulizuiwa na hali mbaya ya hewa. Mwaka 1938 alikwenda tena na msafara wa Bill Tilman. Safari hii alibeba mizigo hadi kambi ya sita, kwenye kimo cha takriban mita 8,290. Ni wapagazi wachache tu waliokuwa wamefika juu kiasi hicho. Kwa sababu hiyo alipewa medali ya "Tiger" ya Himalayan Club, iliyotolewa kwa Washerpa waliofanya kazi vizuri kwenye vimo vya juu kabisa. Mwenye medali hiyo alistahili pia malipo makubwa zaidi alipofanya kazi juu ya mstari wa theluji.

Katika misafara ya aina hiyo kazi iligawanywa kwa ngazi. Wapagazi wa kawaida walibeba mizigo kutoka mjini hadi kambi kuu iliyo chini ya mlima, kisha walilipwa na kurudi makwao. Kundi dogo la Washerpa waliochaguliwa liliendelea juu, likipanga kambi moja baada ya nyingine, likipeleka mahema, chakula, mafuta ya jiko na baadaye mitungi ya oksijeni. Aliyewasimamia wote aliitwa sirdar. Yeye aliajiri watu, aligawa mizigo, aliamua ugomvi, alishughulikia malipo na alikuwa kiungo kati yao na wageni. Wageni waliojaribu kufika kileleni walitegemea kazi hiyo yote, lakini taarifa zilizochapishwa Ulaya ziliwataja hasa wageni.

Vita na msiba wa familia

Mwaka 1935 Tenzing alimuoa Dawa Phuti, msichana wa Kisherpa aliyekuwa pia amehamia Darjeeling. Walizaa mtoto wa kiume, Nima Dorje, aliyefariki mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka minne, na mabinti wawili, Pem Pem na Nima.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilisimamisha misafara mikubwa. Tenzing alipata kazi Chitral, eneo la milima ambalo leo liko kaskazini mwa Pakistan, akimtumikia afisa mmoja wa jeshi. Familia yake iliishi naye huko. Mwaka 1944 Dawa Phuti alifariki, na Tenzing akabaki na mabinti wawili wadogo. Alirudi nao Darjeeling, akamuoa Ang Lahmu, ambaye aliwalea watoto hao kama wake. Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida kwa sababu misafara ilikuwa michache, na mara nyingi familia ilitegemea mapato ya Ang Lahmu.

Mwaka 1947 Tenzing alikubali kazi ya hatari. Earl Denman, Mkanada aliyewahi kuishi Afrika na kupanda volkeno za Virunga kwenye mipaka ya Kongo, Rwanda na Uganda, alifika Darjeeling akitaka kupanda Everest bila kibali cha kuingia Tibet, na akiwa na fedha kidogo. Tenzing na Msherpa mwenzake Ang Dawa waliongozana naye. Walifika chini ya North Col, wakarudishwa na dhoruba na baridi. Tenzing alijua tangu mwanzo kwamba safari hiyo haikuwa na matumaini makubwa, lakini hamu ya kuufikia tena mlima ule ilimshinda.

Kuwa sirdar

Mwaka huohuo wa 1947 alijiunga na msafara wa Waswisi katika milima ya Garhwal nchini Uhindi. Sirdar wa msafara, Wangdi Norbu, alianguka pamoja na mpanda milima mmoja wa Uswisi na kuumia vibaya. Kwa kuwa hakuweza kuteremshwa siku hiyo, aliachwa usiku ndani ya hema dogo. Akidhani ametelekezwa, alijaribu kujiua. Tenzing alikuwa katika kundi lililopanda na kumwokoa. Baada ya tukio hilo alipewa nafasi ya sirdar, na siku chache baadaye alifika kilele cha Kedarnath, chenye mita 6,940, pamoja na Waswisi. Hicho kilikuwa kilele chake kikubwa cha kwanza, na urafiki wake na wapanda milima wa Uswisi ulianzia hapo.

Misafara miwili iliyofuata ilimwonyesha jinsi uamuzi wa kuendelea au kurudi ulivyo sehemu ya kazi ya kiongozi. Mwishoni mwa mwaka 1950 alikwenda Nanga Parbat na Waingereza watatu vijana. Msimu wa baridi ulikuwa umeanza. Washerpa waliona kwamba kuendelea juu ni kutafuta kifo, wakakataa. Waingereza waliendelea wenyewe. Wawili kati yao hawakurudi wala hawakupatikana.

Mwaka 1951 alikuwa sirdar wa msafara wa Wafaransa kwenye Nanda Devi. Roger Duplat na Gilbert Vignes walijaribu kupita kwenye mgongo mrefu unaounganisha vilele viwili vya mlima huo, wakatoweka. Tenzing na Louis Dubost walipanda kilele cha mashariki, chenye mita 7,434, ili kuwatafuta, bila mafanikio. Alipoulizwa miaka ya baadaye ni mlima upi ulimsumbua kuliko yote, Tenzing alitaja Nanda Devi ya Mashariki, si Everest.

Misafara ya Waswisi mwaka 1952

Wakati huo hali ya siasa ilikuwa imebadilika. Tibet ilikuwa imetwaliwa na China na kufungwa kwa misafara, huku Nepal ikiwa imefungua milango yake. Njia ya kwenda Everest ikawa ni ile ya kusini, kupitia Khumbu, nchi aliyokulia Tenzing.

Nepal ilitoa kibali cha mwaka 1952 kwa Waswisi, na Tenzing akawa sirdar wao. Tofauti na misafara iliyotangulia, Waswisi walimhesabu pia kuwa mmoja wa wapanda milima wa timu yao. Alipangwa kupanda pamoja na Raymond Lambert, kiongozi wa milimani kutoka Geneva ambaye alikuwa amekatwa vidole vya miguu kwa sababu ya baridi kali. Wawili hao hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa maneno machache na ishara, lakini walielewana vizuri.

Usiku wa tarehe 27 Mei walilala ndani ya hema kwenye kimo cha takriban mita 8,400 bila mifuko ya kulalia na bila jiko. Waliyeyusha barafu kwa mshumaa ili wapate maji ya kunywa. Kesho yake walifika takriban mita 8,595, juu kuliko mtu yeyote anayejulikana kwa hakika kufika kabla yao. Vifaa vyao vya oksijeni havikufanya kazi vizuri walipokuwa wakitembea, wakageuka huku kilele kikiwa kimebaki takriban mita 250 juu yao.

Waswisi walirudi baada ya mvua za masika ya Himalaya, katika majira ya vuli. Mpagazi Mingma Dorje aliuawa na vipande vya barafu vilivyoanguka, na upepo na baridi viliwazuia wengine kupita kimo cha takriban mita 8,100. Tenzing alirudi akiwa amedhoofika na akalazwa hospitalini nchini Uhindi.

Msafara wa mwaka 1953

Kibali cha mwaka 1953 kilikuwa cha Waingereza, chini ya kanali John Hunt. Tenzing alikuwa bado anapata nafuu, na mkewe hakutaka aende. Hata hivyo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameifahamu njia ya kusini kama yeye. Aliajiriwa kama sirdar na pia kama mmoja wa wapanda milima. Ulikuwa msafara wake wa saba kwenda Everest, ukihesabiwa ule wa Denman.

Mambo hayakuanza vizuri. Mjini Kathmandu Washerpa walipangiwa kulala sakafuni katika gereji ya ubalozi wa Uingereza, iliyokuwa zamani banda la farasi na haikuwa na choo. Tenzing alipewa chumba ndani, lakini alikwenda kulala na wenzake. Asubuhi Washerpa walionyesha hasira yao kwa kujisaidia barabarani mbele ya jengo. Tenzing alijikuta katikati: aliona kwamba malalamiko ya wenzake yalikuwa ya haki, na wakati huohuo alitakiwa kuhakikisha kwamba msafara haukwami. Alifanya kazi hiyo ya usuluhishi mara kadhaa katika wiki zilizofuata, hasa kuhusu nguo na vifaa vya Washerpa.

Msafara uliondoka bonde la Kathmandu mwezi Machi ukiwa na wapagazi zaidi ya 350, na ulitembea kwa siku 17 hivi hadi monasteri ya Tengboche. Kutoka kambi kuu, Washerpa na Waingereza walitengeneza njia katika maporomoko ya barafu ya Khumbu, mahali ambapo barafuto huvunjika kuwa minara na nyufa zinazosogea kila siku. Siku moja, katika kuteremka, Edmund Hillary aliruka ufa na ukingo wa barafu ukakatika chini yake. Tenzing, aliyekuwa amefungwa naye kwa kamba moja, alichomeka shoka lake la barafu na kukaza kamba kwa haraka hadi anguko likasimama. Tangu hapo wawili hao walipanda pamoja mara nyingi.

Tarehe 26 Mei Charles Evans na Tom Bourdillon walifika Kilele cha Kusini, takriban mita 100 chini ya kilele chenyewe, wakalazimika kurudi kwa uchovu, kuchelewa na hitilafu za vifaa vya oksijeni. Hunt aliwatuma Hillary na Tenzing kwa jaribio la pili.

Siku ya kilele

Tarehe 28 Mei George Lowe, Alfred Gregory na Msherpa Ang Nyima waliwasaidia Hillary na Tenzing kupeleka mizigo juu ya South Col. Wapagazi wengine waliotarajiwa walikuwa wagonjwa, kwa hiyo kila mtu alibeba zaidi ya kilo 20 katika hewa nyepesi mno. Tenzing, aliyepita hapo mwaka uliotangulia, ndiye aliyekumbuka mahali palipofaa kupiga hema. Kwenye kimo cha takriban mita 8,500 waliwaacha wawili peke yao.

Asubuhi viatu vya Hillary, alivyokuwa amevivua usiku, vilikuwa vimeganda kabisa, ikachukua karibu saa mbili kuvilainisha juu ya jiko. Tenzing alikuwa amelala na viatu vyake miguuni. Waliondoka saa 12:30 asubuhi. Kufikia saa 3:00 walikuwa Kilele cha Kusini. Mbele yao kulikuwa na mgongo mwembamba wa theluji na ukuta wa mwamba wenye urefu wa mita 12 hivi. Hillary alijipenyeza kati ya mwamba na barafu, na Tenzing akafuata kwa kamba.

Saa 5:30 asubuhi walifika kileleni. Hillary alinyoosha mkono, lakini Tenzing alimkumbatia. Walikaa juu kwa takriban dakika 15. Hillary alimpiga Tenzing picha akiwa ameinua shoka lililofungwa bendera za Umoja wa Mataifa, Uingereza, Nepal na Uhindi. Shingoni alikuwa amevaa skafu nyekundu aliyopewa na Lambert. Hakuna picha ya Hillary akiwa kileleni. Tenzing alizika katika theluji peremende na vyakula vingine kidogo kama sadaka ya Kibuddha, pamoja na kipande cha penseli alichopewa na binti yake Nima. Hillary aliacha msalaba mdogo aliokabidhiwa na Hunt.

Nani alitangulia?

Habari zilichapishwa London asubuhi ya tarehe 2 Juni, siku ya kutawazwa kwa malkia Elizabeth II. Msafara ulipokaribia Kathmandu, Tenzing alipokewa na umati mkubwa. Mabango yalimwonyesha akisimama juu na kumvuta Hillary kwa kamba. Watu walimpa karatasi za kutia sahihi ambazo hakuweza kuzisoma, na baadhi zilidai kwamba yeye ndiye aliyekanyaga kilele kwanza. Nepal na Uhindi zilishindana kumwita raia wake, na magazeti yalitaka jibu moja tu: ni mguu wa nani uliotangulia.

Kwa watu wa Asia waliotoka kwenye utawala wa kikoloni, swali hilo lilihusu zaidi ya mlima. Kwa wapanda milima halikuwa na maana kubwa, kwa sababu watu wawili waliofungwa kamba moja hupanda kwa zamu, mmoja akisonga na mwingine akimshikilia. Hillary na Tenzing walitia sahihi taarifa ya pamoja iliyosema kwamba walifika karibu wakati mmoja.

Mwaka 1955 kilitoka kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na Mmarekani James Ramsey Ullman kutokana na masimulizi ya Tenzing. Humo Tenzing alieleza wazi kwamba Hillary alitangulia hatua chache naye akafuata. Alitoa maelezo hayo akijua kwamba yangewavunja moyo wengi waliomshangilia. Alishikilia pia kwamba hakuvutwa kama mzigo, bali alipanda kama mwenzake.

Tofauti ilionekana pia katika tuzo. Hillary na Hunt walipewa cheo cha "Sir", na Tenzing alipewa Medali ya George. Mfalme wa Nepal alimpa nishani ya Nepal Tara, na mwaka 1959 serikali ya Uhindi ilimpa nishani ya Padma Bhushan.

Mwalimu wa wapanda milima

Waziri mkuu wa Uhindi, Jawaharlal Nehru, alitaka ushindi wa Everest uzae matunda kwa vijana wa nchi. Tarehe 4 Novemba 1954 ilianzishwa Himalayan Mountaineering Institute mjini Darjeeling, na Tenzing akawa mkurugenzi wake wa kwanza wa mafunzo ya nje. Ili kujiandaa, yeye na Washerpa wengine walikwenda Uswisi kusomea mbinu za kufundisha chini ya Arnold Glatthard, mkuu wa shule ya upandaji milima ya Rosenlaui.

Kwa mara ya kwanza Tenzing alikuwa na mshahara wa kudumu. Wanafunzi walijifunza kufunga kamba, kupanda miamba na kutembea kwenye barafu, kisha walipelekwa milima ya Sikkim kwa mazoezi. Walimu wengi walikuwa Washerpa, na waliofundishwa walikuwa pamoja na maafisa wa jeshi na wanafunzi wa vyuo. Hivyo watu ambao baba zao waliajiriwa kubeba mizigo sasa walisimama mbele ya darasa.

Mmoja wa walimu hao alikuwa mpwa wake Nawang Gombu, aliyekuwa kijana mdogo katika msafara wa 1953. Gombu alifika kilele cha Everest mwaka 1963 na Wamarekani, na mwaka 1965 na Wahindi, akawa mtu wa kwanza kufika huko mara mbili. Tenzing alistaafu mwaka 1976, na Gombu akashika nafasi yake.

Mwaka 1975 Tenzing aliongoza kundi la watalii wa Marekani lililokuwa miongoni mwa makundi ya kwanza kuruhusiwa kuingia Bhutan. Mwaka 1978 alianzisha kampuni ya kuongoza watalii wanaotembea kwa miguu katika Himalaya. Biashara ya aina hiyo ilikuwa ikikua haraka, na ilibadilisha maisha ya Khumbu: wageni wengi waliofika hawakutaka kushinda mlima, bali kutembea kwa siku kadhaa na kiongozi anayeijua njia.

Miaka ya mwisho na kifo

Ang Lahmu alifariki mwaka 1964. Kutoka ndoa yake ya tatu, na Daku, Tenzing alipata watoto wanne: Norbu, Jamling, Deki na Dhamey. Alijitahidi wapate elimu ambayo yeye mwenyewe hakuipata, na hakupenda wafuate kazi yake ya hatari. Hata hivyo Jamling alifika kilele cha Everest mwaka 1996, na mjukuu wake Tashi Tenzing mwaka 1997.

Katika miaka yake ya mwisho Tenzing alisumbuliwa na ugonjwa na upweke. Alifariki Darjeeling tarehe 9 Mei 1986 kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 71. Mwili wake ulichomwa kwa desturi ya Kibuddha katika eneo la shule aliyoifundisha. Hillary, aliyekuwa wakati huo balozi wa New Zealand nchini Uhindi, alihudhuria mazishi.

Kumbukumbu

Sanamu ya Tenzing inasimama kwenye shule ya Darjeeling, karibu na mahali alipochomwa. Serikali ya Uhindi ilitoa jina lake kwa tuzo yake ya kitaifa ya michezo ya ujasiri. Mwaka 2008 uwanja wa ndege wa Lukla nchini Nepal, ambapo wageni wengi huanzia safari ya kwenda Everest, uliitwa uwanja wa Tenzing-Hillary. Milima ya barafu kwenye sayari kibete Pluto imepewa jina la Tenzing Montes.

Kwa Washerpa wenyewe, mabadiliko makubwa ni ya kazi. Siku hizi Washerpa wanamiliki makampuni ya misafara, hufunga kamba kwenye njia ya Everest kila msimu kabla ya wageni kupanda, na wanashika rekodi nyingi za mlima huo. Hatari haikuondoka: katika ajali nyingi za Everest, Washerpa na wapagazi wengine wa Nepal ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi, kwa sababu wao hupita sehemu za hatari mara nyingi kuliko wateja wao. Lakini tangu mwaka 1953 imekuwa vigumu kusimulia habari za kilele bila kuwataja waliobeba mizigo na kuongoza njia.